Bustani ya Maua ya Kuuza: Kazi ya Nyumba Nzima

Mtu apitaye njia ya kutoka Korogwe kwenda Handeni katika mwezi wa Mei, mvua za masika zikikaribia kwisha, huona mahindi yamesimama, mihogo imetanda, na alizeti zimegeukia mashariki. Akiingia kijijini, kule Kwaluguru au Kwamatuku au Sindeni, ataona pia nyuma ya nyumba kijiti cha asumini au fungu la mrehani, limepandwa na mama wa nyumba karibu na mahali pa kumwaga maji ya kuogea. Mahindi huhesabiwa kuwa mali. Asumini na mrehani huonekana kuwa pambo tu, wala hapana aviandikaye katika hesabu ya nyumba.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi kitu hicho kidogo kilicho nyuma ya nyumba kiwezavyo kuwa kazi ya kweli ya msimu, ifanywayo na baba, mama, bibi na watoto pamoja. Tutaeleza vile vile hatari zake, maana mtu aingiaye kazi hii bila kupima hupoteza mbegu, na maji, na hata amani ya nyumba yake.

MAUA HAYALIWI

Mzee akiambiwa habari hizi atajibu, "Mwanangu, maua hayaliwi." Amesema kweli, na neno lake tutalirudia. Lakini hata udi hauliwi, na ubani hauliwi, wala kanga hailiwi. Hata hivyo watu hununua vyote hivyo, na wenye kuviuza hupata chakula.

Tazameni desturi za watu wetu wenyewe. Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Pangani na Unguja, asumini ni sehemu ya arusi. Vitumba vyake hutungwa kwa uzi vikawa koja. Au hufungwa pamoja na majani ya mrehani, na waridi, na langilangi, na vipande vya mkadi, vikawa kikuba, nacho hubandikwa nguoni au hutiwa katika nywele za mwanamke. Wakristo hupamba madhabahu kwa maua, na zaidi siku ya Pasaka na Krismasi; tena huweka mashada juu ya makaburi ya wapenzi wao. Wahindu wa Tanga na Dar es Salaam hutunga mashada ya maua ya manjano kwa sikukuu yao ya Diwali, ambayo huangukia Oktoba au Novemba.

Basi wanunuzi wapo. Ni kweli kwamba maua ya plastiki yameenea sana mijini, nayo hayanyauki wala hayahitaji maji. Lakini yana upungufu mmoja: hayanukii. Kwa hiyo mkulima mdogo mwenye akili hatashindana na plastiki katika rangi peke yake, bali atatanguliza maua na majani yenye harufu, na rangi itafuata nyuma.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Wengi wamesikia habari za mashamba makubwa ya waridi kando ya ziwa Naivasha katika Kenya, na yale ya nchi ya Arusha. Kazi hiyo ilianza kukua Kenya kuanzia miaka ya 1970, na huku Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980. Maua hukatwa, hutiwa katika vyumba vya baridi, hupakiwa katika ndege, na baada ya siku chache huuzwa Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya. Wenye mashamba hayo wana mitambo ya maji, magari yenye baridi, na wataalamu. Mtu mwenye robo eka na majembe mawili asijilinganishe nao.

Tena hata hao wakubwa hawaepuki msiba wa ua, yaani kwamba ua halingoji. Katika Aprili 2010 mlima mmoja wa moto katika nchi ya Iceland ulitoa majivu mengi angani, hata ndege za Ulaya zikazuiwa kuruka kwa siku kadhaa. Waridi za Kenya, ingawa zilikuwa nzuri na zimekwisha kukatwa, ziliozea nyumbani. Katika Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wa Ulaya waliacha kununua maua kwa ghafula, na mashamba yakatupa maua kwa malori. Mahindi yakikosa mnunuzi leo hutiwa ghalani, yakauzwa mwezi ujao. Ua likikosa mnunuzi leo, kesho ni takataka. Jambo hilo ndilo mzizi wa mashauri yote yafuatayo.

Na liko jambo jingine la kukumbuka, maana lilitokea katika mkoa wetu huu wa Tanga. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya zambarau likiota porini katika sehemu hizi, akalipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la elimu, Saintpaulia, kwa heshima ya mtu huyo. Leo ua hilo hukuzwa katika vyungu madirishani mwa watu wa Ulaya na Marekani, na Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Limewatajirisha wenye bustani wengi wa mbali, lakini watu wa milima lilikotoka hawakupata kitu. Siku hizi aina nyingi za ua hilo zimekuwa adimu porini kwa sababu ya kukatwa misitu. Basi mtu asiende kuling'oa kwa kuuza. Twalitaja ili kuonyesha kwamba faida ya ua haimwendei aliye karibu nalo, bali humwendea anayejua kulikuza, kulitunza na kumfikishia mnunuzi.

CHAKULA KWANZA

Sasa twarudi kwa neno la mzee. Nchi ya Uzigua imeonja njaa kali. Kuanzia mwaka 1894 hadi 1896 ukame na nzige viliharibu mashamba na watu wengi walikufa. Na katika miaka ya 1930 njaa ilirudi tena. Hata sasa mvua zikikosekana Handeni, mahindi hukauka upesi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: bustani ya maua isichukue mahali pa mahindi wala pa muhogo, wala isichukue siku za kupalilia chakula. Nyumba ianze na vitalu viwili au vitatu, kila kimoja upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Hata bustani yote ikiharibika, mtu asilale njaa kwa ajili yake.

HESABU YA MAJI

Watu huuliza bei ya mbegu kabla ya jambo lolote. Lakini katika nchi yetu gharama iliyo kubwa ni maji, nayo haionekani kwa sababu hulipwa kwa shingo na miguu ya wanawake.

Tufanye hesabu. Katika siku za jua kali, kila mita moja ya mraba ya kitalu yataka maji kama lita 5 kwa siku. Kitalu kimoja cha mita 10 za mraba chataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Vitalu sita vyataka lita 300, yaani ndoo 15. Tuseme lambo liko mwendo wa nusu saa, na kila ndoo hubebwa kichwani kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Mama na binti zake wawili watakwenda safari tano kila mmoja, na siku yao itakwisha njiani. Bustani ya namna hiyo ni mzigo shingoni mwa mama, hata kama fedha zitaonekana mwisho wake.

Basi apandaye maua na achague mojawapo ya njia hizi. Njia ya kwanza ni kupanda wakati mvua za masika zingali zikinyesha, ili mche ukue kwa maji ya mvua, na umwagiliaji wa mikono uwe wa majuma ya mwisho tu. Njia ya pili ni kupanda karibu na maji, kama wawezavyo wale waliopakana na mto Pangani au Luengera upande wa Korogwe, kwa kufuata taratibu za matumizi ya maji ya mahali pao. Njia ya tatu ni kukinga mvua. Paa la bati lenye mita 30 za mraba, likinyeshewa mvua ya milimita 10, hukusanya kama lita 300. Na hata zikipotea baadhi kwa kumwagika, zilizobaki zitasaidia sana. Na katika njia zote tatu, funikeni udongo kwa majani makavu, unene wa vidole vinne, ili jua lisinywe maji kabla ya mizizi. Mwangalie mchwa tu, msirundike majani hayo juu ya mashina.

Maji ya kunywa na ya kupikia yasiguswe kamwe kwa ajili ya maua. Maji ya kuogea na ya kusuuzia vyombo yafaa kwa miti ya asumini, kama mama zetu walivyojua zamani.

HESABU YA SIKU

Mkulima wa mahindi huanza kuhesabu tangu mvua ya kwanza. Mkulima wa maua huanza kuhesabu tangu siku ya arusi, naye huhesabu kwa kurudi nyuma.

Watu wengi wa vijijini huoa na kuoza baada ya mavuno, kuanzia Julai mpaka Septemba, kwa kuwa ndipo fedha na chakula vipatikanapo. Tuseme arusi ni tarehe 20 Julai, na ua lako hutoa maua siku 65 baada ya kupanda mbegu. Ukihesabu nyuma siku 65 utafika tarehe 16 Mei. Siku hiyo ndiyo ya kupanda, na kwa bahati njema udongo ungali na unyevu wa masika. Ukipanda kitalu cha pili tarehe 30 Mei, kitaanza kutoa karibu na tarehe 3 Agosti. Kwa njia hiyo, yaani kupanda kitalu kimoja kila baada ya siku 14, nyumba haipati maua yote kwa siku moja na kukosa siku zifuatazo.

Sikukuu za Kiislamu zataka uangalifu zaidi, kwa kuwa hufuata mwezi wa angani, nazo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza karibu na tarehe 12 Machi. Mwaka 2025 ilianza karibu na tarehe 2 Machi. Arusi nyingi hufanywa kabla ya mfungo na baada ya Idi. Basi mtu asiseme, "Mwaka jana niliuza vizuri mwezi fulani, na mwaka huu nitapanda vile vile." Na aitazame kalenda kila mwaka, au amwulize mwalimu wa madrasa.

MAUA YAFAAYO NCHI YETU

Waridi kubwa za dukani na maua mengine ya baridi hustawi milimani, kama Lushoto. Handeni na Korogwe ni nchi za joto, na nyumba ishindanayo na watu wa Lushoto katika maua ya baridi itashindwa. Lakini yapo yanayopenda joto, nayo ni haya.

Asumini. Huu ni mti wa kudumu. Kata vijiti vyenye urefu kama wa kalamu, vichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, kivulini, na uvinyunyizie maji. Baada ya majuma manne hadi sita vitatoa mizizi. Vihamishe mwanzo wa mvua, mita moja na nusu kati ya shina na shina. Mwaka wa kwanza hutoa vitumba vichache, usikate tamaa. Kila baada ya kuchanua punguza matawi, kwa sababu vitumba hutokea katika machipukizi mapya.

Mrehani. Huu hupandwa kwa mbegu. Ukifika kimo cha shubiri, kata ncha ya juu, nao utatoa matawi mengi. Ukivuna, acha majani kadhaa chini ili uchipuke tena.

Zinia. Hili ni ua lenye asili ya Mexico, la rangi nyekundu, waridi, manjano na nyeupe. Hupenda jua, na huchanua baada ya siku 60 hadi 70. Halina harufu, lakini ndilo jepesi kuliko yote kwa mtu anayeanza.

Ua la manjano la Wahindu. Wagujarati huliita galgota. Lenyewe pia asili yake ni Mexico, kama mahindi yetu. Hutakiwa zaidi kwa Diwali. Basi hapana budi kulipanda Julai au Agosti, wakati wa kiangazi, na kwa hiyo lipandwe na mwenye maji ya karibu tu, tena aliyekwisha kusikilizana na mnunuzi.

Alizeti. Hii hakuna asiyeijua. Kwa ajili ya maua, panda karibu karibu, kiasi cha shubiri moja kati ya mche na mche, ili vichwa viwe vidogo na mashina yawe membamba. Alizeti ina wema mmoja mkubwa: ile isiyouzwa huachwa ikakomaa, na mbegu zake hukamuliwa mafuta au hupewa kuku. Basi hili ni ua linaloliwa. Mzee wetu na afurahi.

KUPANDA NA KUTUNZA

Lima kitalu mpaka kina cha shubiri mbili, uchanganye samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda zinia umbali wa sentimita 30 kati ya mche na mche. Ikisongamana, upepo hauingii, na majani hupata ukungu mweupe kama unga. Mimina maji chini penye shina, asubuhi, wala usirushie majani jioni. Zinia ikifika kimo cha sentimita 25 hivi, kata ncha yake. Utaona uchungu kuikata, lakini mche uliokatwa hutoa mashina mengi na marefu, na mche usiokatwa hutoa ua moja.

Jengeni ua wa miiba kuzunguka bustani kabla ya kupanda. Mbuzi mmoja aweza kula kwa saa moja kazi ya miezi miwili, na ugomvi utakaofuata baina ya mwenye mbuzi na mwenye bustani utadumu kuliko maua yenyewe.

Neno la dawa: asumini na mrehani huvaliwa karibu na uso na ngozi, tena wengine huutia mrehani katika chakula. Msivinyunyizie dawa za sumu za kuulia wadudu. Wadudu waokotwe kwa mkono alfajiri. Na mche ulio na ugonjwa ung'olewe na kuchomwa moto.

KUKATA NA KUSAFIRISHA

Nyumba nyingi zaweza kukuza ua zuri na kuliharibu siku ya kulikata. Maua hukatwa alfajiri, wakati shina limejaa maji ya usiku. Tumieni kisu kikali na ndoo iliyosafishwa kwa sabuni kama chombo cha chakula, maana uchafu wa maji huziba mishipa ya shina. Ondoeni majani yote ya chini yatakayozama. Kisha yawekeni maua kivulini katika maji kwa saa tatu au nne kabla ya safari.

Zinia ina namna yake ya kujaribiwa. Shika shina chini kidogo ya ua ulitikise. Kama shingo yalegea na kuyumba, ua bado. Likikatwa litainama siku ile ile. Kama shingo ni ngumu, kata. Alizeti hukatwa mara tu majani yake ya manjano yaanzapo kujiinua. Vitumba vya asumini huchumwa alasiri vikiwa vyeupe, vimevimba, lakini havijafunguka, kwa kuwa hufunguka usiku. Vifungeni katika jani bichi la mgomba lenye unyevu, navyo vifike kwa mnunuzi kabla ya usiku kuingia.

Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni kama kilometa 65. Katika basi, msiweke maua juu ya paa wala karibu na injini. Wala msiyaweke pamoja na ndizi mbivu au maembe, maana matunda yanayoiva hutoa hewa ambayo huyazeesha maua upesi.

MNUNUZI KABLA YA MBEGU

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maua hata kizuri hakijiuzi, kwa sababu hakina muda wa kungoja. Basi kabla ya kununua mbegu, mtu mmoja wa nyumba aende Korogwe, au Handeni mjini, au Tanga, akaonane na wapambaji wa arusi, na watunga vikuba, na wazee wa makanisa. Aulize: Mwataka ua gani? Mwezi gani? Mashina mangapi? Mtalipa lini? Kisha asikilizane nao, na aombe arbuni, ijapokuwa kidogo. Mnunuzi aliyetoa arbuni hakimbilii plastiki siku ya mwisho.

Naye mkulima asiahidi yote anayotumaini. Kwa mfano, akipanda miche 100, baadhi italiwa na panzi, mingine itapinda, mingine itachelewa. Na aahidi mashina 60, akileta 70 atasifiwa. Akiahidi 100 na kuleta 70, amemwaibisha bibi arusi mbele ya wageni wake, na habari hiyo itamtangulia kila mji.

KAZI NA FEDHA ZA NYUMBA

Tumefika penye jambo lililo gumu kuliko udongo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bustani ya maua haiendeshwi na mtu mmoja, kwa sababu kazi zake huja zote kwa saa moja: kukata, kutunga, kubeba. Baba na vijana walime vitalu na kujenga ua. Mama aangalie miche na maji, pamoja na wote wenye nguvu, wavulana kwa wasichana. Maana hapana sheria isemayo kwamba ndoo haiwezi kukaa katika kichwa cha mvulana. Bibi, ambaye hawezi tena jembe, mara nyingi ndiye hodari wa kutunga koja na kufunga kikuba, na kazi yake ndiyo iongezayo bei. Watoto wasaidie alfajiri kidogo na siku za mapumziko. Mtoto asiache shule kwa ajili ya ua. Ua hufa kwa siku mbili, lakini siku ya shule iliyopotea hairudi.

Na fedha je? Nyumba nyingi huanza kazi pamoja na kugombana wakati wa mauzo. Aliyekwenda mjini na maua hurudi na fedha pungufu. Mama aliyebeba maji haoni kitu. Msimu wa pili mama hanyanyui ndoo, na bustani hufa. Haifi kwa ukame, hufa kwa dhuluma. Dawa yake ni daftari. Mali bila daftari hutoweka bila habari. Kijana asomaye aandike kila siku: nani amefanya kazi, saa ngapi, maua mangapi yamekatwa, mangapi yameuzwa, mangapi yametupwa, nauli kiasi gani. Hayo yaliyotupwa yaandikwe pia, maana ndiyo mwalimu wa msimu ujao.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si ahadi ya bei. Bustani imeleta shilingi 100,000. Mbegu, uzi na nauli zimekula 30,000. Zimebaki 70,000. Nyumba yaweza kuweka 20,000 kwa mbegu za msimu ujao, 20,000 kwa akiba ya ugonjwa na ada, na 30,000 zikagawanywa kwa wote waliofanya kazi, kadiri ya siku zilizoandikwa, hata bibi apate yake mkononi. Mgawanyo wenu waweza kuwa mwingine. Lakini semeni mgawanyo huo kabla ya kupanda, nyote mkiwa mmeketi pamoja, na uandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

KWA WALIMU NA WAKUU WA VIJIJI

Walimu wanaweza kusaidia sana kwa kupanda kitalu kimoja shuleni, wanafunzi wakaandika siku ya kupanda, siku ya kuchipua na siku ya ua la kwanza. Baada ya mwaka mmoja kijiji kitakuwa na hesabu yake chenyewe ya siku, iliyo bora kuliko yoyote itolewayo katika kitabu cha nchi nyingine. Wakuu wa vijiji nao waangalie mambo mawili: kwamba maji ya lambo yagawanywe kwa haki baina ya watu, mifugo na bustani, na kwamba nyumba mbili tatu zilizo jirani zisikilizane, hii ipande asumini, ile mrehani, na ya tatu zinia, zipate kujaza ndoo moja kwa safari moja na nauli moja, badala ya kupunguziana bei mlangoni pa mnunuzi.

Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza. Anzeni na kitalu kimoja cha zinia, kimoja cha mrehani, na vijiti kumi vya asumini. Mwisho wa msimu keteni na daftari, mjiulize mambo matatu: Tulipata mnunuzi? Maji yalitutosha bila kumtesa mtu? Kila aliyefanya kazi aliona faida yake? Kama majibu yote matatu ni ndiyo, ongezeni kitalu kimoja. Kama hata moja ni siyo, msiongeze. Rekebisheni lile kwanza.